Muulize Serahangi: Nyanya aliyeitwa mbuzi, na shuka tatu zisizo za kitandani

Barua za mwezi huu zimenikuta barazani kwangu Ngamiani, Tanga, mguu mmoja juu ya stuli kwa sababu ya jongo. Kwa wageni wa ukurasa huu: nilifanya kazi sitahani kwenye meli za mizigo kwa miaka 26. Nilianza kama baharia wa kukwangua kutu na kupaka rangi, nikamaliza kama serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitahani. Kiingereza sikukisomea chuoni. Nilikiokota melini kwa Wafilipino, Waskoti na Wagoa, pamoja na makosa yao. Anayetaka sarufi amwendee mwalimu. Anayetaka kujua mtu alikuwa na maana gani aliposema vile, aniandikie, ila aniambie nani kamwambia nani, na walikuwa wapi. Bila hayo nabahatisha tu.

Mjukuu wangu yuko Toronto, mwaka wa nne sasa. Siku ya Idi ya kuchinja nilimrekodia namna ninavyopika biriani, maana alilalamika ya huko mkahawani haina ladha. Akanijibu: "Nyanya, you're the GOAT!" Na chini yake picha ya mbuzi. Nimemlea tangu ana miezi minane. Leo, siku ya Idi, naitwa mbuzi? Babake asema hapana ubaya, lakini hawezi kunieleza kwa nini hapana ubaya. — Bi wa Mji wa Kale, Mombasa

Shikamoo Bi mkubwa. Kwanza pangusa machozi, kisha ifute na ile sauti uliyomtumia kwa hasira. Najua umemtumia.

Mjukuu wako hakukutukana, amekupa cheo. Hizo ni herufi za mwanzo za maneno manne, "Greatest Of All Time", yaani aliye bora kuliko wote tangu dunia iumbwe. Zikikaa pamoja zinasomeka kama jina la mbuzi kwa Kiingereza, na vijana kwa uvivu wao wakaona hata kuandika ni kazi, bora waweke picha ya mnyama. Mwenye cheo hicho hasa ni bondia Muhammad Ali, aliyemwangusha Foreman pale Kinshasa mwaka 1974. Tangu ujanani alikuwa akijitangaza kuwa ndiye mkubwa kuliko wote. Mwaka 1992 mkewe, Lonnie, akaandikisha kampuni ya kusimamia jina la mumewe, akaiita kwa herufi hizo hizo nne. Mwaka 2000 rapa LL Cool J akaipa albamu yake jina hilo. Kutoka hapo likahamia kwenye mpira, ambako watu wanagombana mpaka leo kama mbuzi ni Messi au Ronaldo, na sasa limefika kwenye biriani yako.

Ila hasira yako nayo ina ukoo wake. Zamani Wamarekani hao hao walikuwa wakimwita mchezaji "goat" kwa kumlaumu, yule aliyekosa mpira wa mwisho timu ikashindwa. Neno limegeuka kichwa chini miguu juu, na wewe umelisikia kwa maana ya wazee.

Mjukuu ana kosa moja tu: alisahau anazungumza na nani. Rafiki zake wa Toronto wakiona picha ile wanacheka kwa furaha. Wewe ukiiona, siku ile ya Idi, unaona kisu. Mjibu hivi: mbuzi pekee ninayemjua jikoni kwangu ni wa kukunia nazi, na huyo hukaliwa, mimi sikaliwi. Ataelewa, na atacheka, na Ijumaa atapiga simu.

Nimesoma katika kitabu cha hadithi kwamba baharia alirudi melini "three sheets to the wind". Mimi nikatafsiri "shuka tatu zikielekea kwenye upepo". Kamusi inasema alikuwa amelewa. Nikamuuliza mwalimu shuka zimeingiaje, akasema nahau haina sababu, ikariri tu. Ni kweli haina sababu? — Mwanafunzi wa kidato cha tano, Tanga

Mwanangu, mwalimu wako nisimseme, ana wanafunzi wengi kuliko kamba nilizopata kushika. Lakini hii ina sababu, na wewe wa Tanga uko karibu nayo kuliko mtoto wa London.

Shuka uliyoiona si shuka. Wala si tanga, ingawa hata Waingereza wengi wa bara hudhani ni tanga. "Sheet" ya baharia ni kamba, ile inayoshika pembe ya chini ya tanga lisije likaruka na upepo. Shuka mpaka Pangani ukamuulize nahodha yeyote wa jahazi, atakuambia hiyo ni demani. Ukiiachia demani, tanga linapigapiga hewani na chombo kinayumba pale pale, hakina mbele wala nyuma. Sasa fikiria zimeachiwa tatu kwa mpigo. Ndivyo alivyokuwa akitembea yule baharia wa kitabuni akitoka kilabuni. Walikuwa hata na kipimo: aliyechangamka kidogo alihesabiwa demani moja tu hewani.

Na ukishajua hivyo utaanza kuionja chumvi kila mahali. Watu wa ofisini husema "by and large" kwa maana ya "kwa jumla", nao wamevaa tai, hawajui wanazungumza kibaharia. "By" ni kukaza tanga na kuukabili upepo kwa karibu, sisi tunasema kwenda joshi. "Large" ni upepo kukujia kutoka nyuma, raha mustarehe, unaweza hata kupika chai. Chombo chema ni kile kinachokwenda kwa hali zote mbili. Maneno hayo yamo katika kitabu cha ubaharia cha Kiingereza cha mwaka 1669, yakiwa na maana hiyo hasa ya upepo.

Halafu kuna "the bitter end", yaani mwisho kabisa. Kapteni John Smith, Mwingereza aliyeandika kitabu cha lugha ya baharini mwaka 1627, anaeleza kwamba amari, ile kamba nene ya nanga, huzungushwa kwenye visiki viwili sitahani, na mwisho wake unaobaki chomboni ndio unaoitwa hivyo. Ukiona nanga imefika mwisho huo, huna kamba tena ya kutoa. Wako wanaobisha, wanasema "bitter" hapo ni uchungu tu, wa shubiri, kama ulivyo kwenye Biblia. Wabishe. Mimi amari nimeiona ikiisha, sijawahi kuilamba.

Sasa nikusimulie langu, maana usije ukadhani nilizaliwa nayajua. Safari yangu ya kwanza kabisa ya Ulaya tuliingia Rotterdam usiku, mwezi wa Januari, baridi ya kukata masikio. Nimewekwa omo, mbele ya meli, kamba mkononi. Ofisa akaanza kunipigia kelele: "Make fast! Make fast!" Kiingereza changu chote nilikuwa nimekipata shuleni, na shuleni "fast" ni haraka. Basi nikafanya haraka. Nikaiweka kamba chini, nikatimua mbio kuelekea tezi, nyuma ya meli, sijui naenda kufanya nini huko, ila naenda kwa kasi. Nyuma yangu kamba ikateleza taratibu, ikamalizikia majini. Kumbe "make fast" ni "funga kamba ikaze". Nilitukanwa kwa lugha nne. Mpaka nashuka kwenye meli ile mwaka uliofuata jina langu lilikuwa "Speedy".

Miaka mingi baadaye tulikuwa Bahari ya Shamu, mwezi wa Ramadhani, joto la kuyeyusha lami, ulimi umenikauka. Mpishi Mgoa akaniuliza kama leo tena "you are fasting". Nikasimama pale na rungu la kukwangulia kutu mkononi. Maana ilinijia: wao nao wamefunga! "Fast" ya kwao ya zamani ni imara, iliyokazwa, ndiyo maana mtu aliyelala fofofo wanasema yuko "fast asleep", wala hajalala kwa haraka. Kutoka kwenye kukaza huko wakapata kufunga kamba, na wakapata kufunga saumu. Haraka ilikuja baadaye. Sisi tuna neno moja la kamba na Ramadhani, na wao wana neno moja la kamba na Kwaresma yao. Hakuna aliyenifundisha hilo, na siku ile sikuwa na mate ya kumwambia mtu.

Mwalimu wako yuko sahihi kwa kitu kimoja. Kwenye mtihani andika "amelewa" ukomee hapo.

Nipo ofisini Dodoma. Mkuu wetu wa mradi ni Mwingereza. Alipofiwa na baba yake nilijitolea kuandika barua pepe ya rambirambi kwa niaba ya wenzangu. Nilitaka Kiingereza kizuri, si cha kawaida, nikaandika kwamba tumesikitika sana kusikia baba yake "has kicked the bucket". Hakujibu. Ni wiki tatu sasa, na wenzangu wananiangalia kama mchawi. — Mwenye aibu

Ndugu yangu. Pole, na nasema pole kwa dhati.

Maana uliipata sawa. Maneno hayo yana maana ya kufa tangu zamani, yamo kwenye kamusi ya maneno ya mtaani ya Francis Grose ya mwaka 1785. Zingatia hapo: maneno ya mtaani. Ulichofanya ni sawa na kuingia msibani, ukavua viatu, ukakaa mkekani karibu na mfiwa, ukamshika mkono kwa unyenyekevu, kisha ukasema: "Tumesikitika sana kusikia mzee amedanja." Kila neno analielewa. Na kila aliyeko mkekani amegeuza shingo.

Sisi wenyewe tuna ngazi hizo. Mzee amefariki, ametangulia mbele ya haki, ameaga dunia. Jambazi kwenye sinema amedanja, amekata kamba, amededi. Hakuna aliyetuandikia orodha, tumezijua kwa kukaa na watu. Nahau za kigeni hatujakaa nazo, tumezikuta kwenye orodha, zote zimepangwa mstari mmoja kama sabuni dukani, na hakuna kibandiko kinachosema hii ni ya kuogea na hii ni ya kufulia choo.

Usimwandikie tena. Nenda ofisini kwake, asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Mwambie: "I was very sorry to hear about your father. I used an expression I did not understand. Please forgive me." Maneno mepesi kabisa. Kwa msiba Waingereza hutumia maneno mepesi. Kama unataka la heshima ni "passed away", na wengi hata "died" tu wanasema bila tatizo. Mtu mzima aliyeishi Dodoma atajua ulikosea lugha, hukukosea moyo. Huenda hata hakukasirika. Huenda alicheka peke yake siku ambayo hakutaka kuonekana anacheka.

Nafanya kazi mapokezi ya hoteli hapa Muscat. Kuna bibi mmoja Mwingereza huja kila msimu wa baridi. Safari hii alichelewa mwaka mzima, na alipoingia nikamwambia kwa furaha: "Madam, you are lost!" Akatazama ukutani, akatoa simu akafungua ramani, akaniuliza kama hii siyo hoteli yake. Nimekosea nini? — Mzanzibari wa Muscat

Nimecheka mpaka mguu umeuma.

Wenzako hapo juu wameichukua nahau ya Mwingereza wasijue mahali pake. Wewe umechukua yetu ukaivalisha kanzu ya Kiingereza. "Umepotea!" kwetu ni lawama ya mapenzi, maana yake ulikuwa wapi, tumekukosa, na mwenye kulaumiwa hujisikia vizuri. Mwingereza hasalimii kwa maneno hayo. Ukimwambia kapotea, anatafuta ramani.

Tena siyo hiyo tu. Tunaaga kwa "I'm coming" huku tumempa mtu mgongo tunaondoka, kwa sababu "naja" kwetu maana yake nitarudi. Nairobi wanasema "slowly by slowly" na "you are lost" kutwa nzima, wanaelewana, na hapo sioni kosa: hicho ni Kiingereza chao, kina wenyewe. Kosa huanza kikivuka bahari.

Bibi yule mwambie "Lovely to see you again." Ipo pia "Long time no see", na ajabu yake, hiyo haina sarufi hata chembe, lakini Waingereza wenyewe wanaisema. Ningekuwa wewe nisingemwambia mgeni wa umri ule. Ni ya rafiki kwa rafiki.

Mimi ni dereva wa shirika moja Bukavu. Kiongozi wangu Mwingereza akitukana barabarani, gari likizama kwenye matope, anageuka kwangu anasema "pardon my French", yaani nisamehe Kifaransa changu. Mimi Kifaransa nimekisomea, hilo tusi halikuwa Kifaransa. — Dereva

Halikuwa. Ndugu, Waingereza na Wafaransa ni majirani, na unajua majirani. Mwingereza akitoa tusi la nyumbani kwao anasingizia kuwa ni la jirani. Akiondoka bila kuaga anaita "French leave". Wafaransa nao hawakulala: wewe mwenyewe unajua wao huita kitendo hicho hicho "filer à l'anglaise", kutoroka Kiingereza. Kila mmoja anasema adabu mbaya imetoka ng'ambo ya maji.

Waholanzi ndio walioumia zaidi. Walipigana na Waingereza vita tatu baharini kati ya 1652 na 1674, na uhasama wa namna hiyo uliacha alama kwenye ulimi. Ujasiri wa chupa unaitwa "Dutch courage". Na mkienda kula kila mtu akajilipia, hapo mmekwenda "Dutch".

Sisi ni wa ajabu zaidi, maana tumejitukana wenyewe. Mtu akileta ujanjaujanja tunamwambia "acha Uswahili", na tunamwambia kwa Kiswahili.

Ukiambiwa tena "pardon my French", jibu "Je vous en prie", yaani hakuna neno. Atanyamaza kilomita tano.

Za haraka haraka

Kwa mwanafunzi wa Kigoma anayeuliza kama "it's raining cats and dogs", yaani mvua kubwa inanyesha, ina uhusiano na mapaa ya nyasi: hapana, hadithi ya paka na mbwa kudondoka kutoka kwenye makuti ni uzushi. Usemi upo, Jonathan Swift aliuandika mwaka 1738. Ila nimekaa kwenye mvua za Liverpool na za Cardiff na sikumbuki nimewahi kumsikia mtu akiusema. Nimeusikia sana Tanga, shuleni. Wao husema "it's pouring", wanafunga dirisha.

Kwa mwimbaji wa Dar es Salaam aliyeambiwa "break a leg", vunja mguu, kabla ya kupanda jukwaani: umeombewa heri. Watu wa jukwaani wanaogopa kutamka bahati waziwazi. Usije ukamwambia winga wa Simba au Yanga.

Kwa baba wa Arusha ambaye binti yake anasema kijana fulani ana "rizz": limekatwa kutoka katikati ya neno "charisma", na watu wa kamusi ya Oxford walilichagua kuwa neno la mwaka 2023. Maana yake ni kipaji cha kuvuta mioyo kwa maneno. Neno lenyewe halina shida, mzee mwenzangu. Uliza habari za kijana.

Deni langu

Toleo lililopita niliandika, kwa kujiamini sana, kwamba "posh", yaani ya kifahari, ni herufi za "Port Out, Starboard Home": eti matajiri waliosafiri na meli za kampuni ya P&O kwenda India walikata chumba cha kushoto wakati wa kwenda na cha kulia wakati wa kurudi, wakwepe jua, na tiketi zao zikapigwa mhuri wa herufi hizo. Msomaji wa Leicester ameniandikia kunisahihisha, kwa upole ambao sikustahili. Tiketi ya namna hiyo haijapata kuonekana hata moja. Ni hadithi nzuri iliyotafutiwa neno.

Amesema kweli, nami naifuta. Niliyeisikia kwake alikuwa ofisa wa pili wa meli, tukingoja zamu ya kuingia Mfereji wa Suez, na alivyoisimulia usingethubutu kuuliza tiketi iko wapi. Mimi hasa ndiye niliyepaswa kuuliza. Sisi wa sitahani tulilala chini, ukuta mmoja na injini, na huko joto lilikuwa lile lile kwenda na kurudi.